Dalali Mwanamume na Dalali Mwanamke: Jinsi Wateja Wamchaguavyo Mtu wa Kuwatafutia Nyumba

Katika miji ya Afrika ya Mashariki mtu atafutaye chumba cha kupanga, nyumba ya kununua au kiwanja cha kujenga, aghalabu hupita mikononi mwa dalali. Dalali ndiye ajuaye nyumba ipi imebaki wazi, mwenye nyumba gani anataka kuuza kwa haraka, na mtaa upi maji hayakatiki. Kazi hiyo hufanywa na wanaume na wanawake, lakini wateja hawawaendei wote kwa haja moja. Baba amtafutiaye chumba binti yake aliyeanza kazi mjini huuliza kama yuko mama wa kumwonyesha. Na baba huyo huyo, akitaka kununua kiwanja cha mamilioni, humwendea mwanamume. Makala haya yaeleza jinsi mgawanyo huo ulivyo, mahali ulikotoka, na hasara iletwayo nao kwa dalali na kwa mteja pia.

NENO LENYEWE

Neno dalali limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kitenzi chenye maana ya kuelekeza au kuonyesha njia. Dalali basi ni mwonyeshaji. Katika Kiswahili neno hili lilipata maana mbili zilizo jirani: mtu anadiye mali mnadani, na mtu wa kati amkutanishaye muuzaji na mnunuzi kisha akapata ujira wake. Maana ya kwanza ingali hai Tanzania katika jina la dalali wa mahakama, ambaye huuza mali ya mdaiwa kwa amri ya mahakama. Maana ya pili ndiyo itazamwayo hapa. Nairobi wengi husema ajenti au wakala, na huko Kenya iko sheria ya mwaka 1984 itakayo mawakala wa nyumba na ardhi waandikishwe.

Kiarabu kina dallal kwa mwanamume na dallala kwa mwanamke. Katika mji wa Cairo wa zamani dallala alikuwa mtu ajulikanaye sana: mwanamke aliyechukua vitambaa na mapambo akaingia navyo ndani ya nyumba za wenye mali, mahali ambapo mfanya biashara mwanamume hakuruhusiwa kufika. Kiswahili kilichukua neno moja tu kwa wote wawili, maana ngeli zake hazitengi mume na mke. Mtu asemapo "dalali amefika" hajasema bado kama ni bwana au ni bibi.

Hata hivyo, husikika mara nyingi watu wakisema "dalali mwanamke", na ni nadra kusikia "dalali mwanamume" isipokuwa pale wawili hao wanapolinganishwa. Neno hilo la kuongezwa ni ushahidi. Lugha haikutenga, lakini fikira za wasemaji zimekwisha kumchora dalali katika sura ya mwanamume, hata mwanamke akitokea hana budi kutajwa kuwa ni mwanamke. Ndivyo isemwavyo pia "dereva mwanamke" na "fundi wa kike".

Kisha yako maneno ya kuitana. Mteja hamwiti dalali kwa jina la kazi yake. Humwita kaka, mzee, dada au mama. Ni heshima njema, lakini kila neno huja na madai yake. Kaka huombwa afanye haraka. Mzee husikilizwa. Dada huombwa apunguze, na mama hutarajiwa awe na huruma. Mwanamke aitwaye mama na mteja aliye rika lake huanza mazungumzo ya ujira hali amekwisha kuwekwa katika nafasi ya mtu ambaye haifai adai sana. Mteja hakukusudia kumdhulumu, neno limemtangulia.

WANAWAKE NA NYUMBA TANGU ZAMANI

Mtu aweza kudhani kuwa mambo ya nyumba na ardhi yalikuwa ya wanaume tangu hapo, na wanawake wameyaingia juzi. Historia ya pwani na ya miji yaonyesha vingine.

Huko Lamu ilikuwa desturi ya baba mwenye uwezo kumwandalia binti yake mahali pa kukaa aolewapo, nyumba mbali au orofa iliyoongezwa juu ya nyumba ya wazee. Wikio, yaani chumba kijengwacho juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, kiliwawezesha wanawake wa ukoo mmoja kutembeleana bila kushuka barabarani. Mume ndiye aliyehamia kwa mke. Hali kadhalika, sheria ya Kiislamu humpa mwanamke fungu lake katika urithi, na mali yake hubaki yake hata akiolewa; kwa hiyo Mombasa na Unguja wako wanawake waliomiliki nyumba, wakazipangisha, wakaziuza, au wakaziweka wakfu. Nairobi, katika mtaa wa Pumwani uliowekwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1920, wanawake walikuwa sehemu kubwa ya wenye nyumba, na wengi wao walijenga kwa fedha walizochuma kwa mikono yao wenyewe.

Mpango wa nyumba za pwani nao una maana katika jambo hili. Nyumba ya mawe ya Lamu imegawanywa tangu mlangoni: daka ni pa kupokelea wapitao, sabule ni ya mgeni mwanamume, na ndani ni pa wenye nyumba. Mwanamume wa nje hakufika ndani. Aliyetaka kujua kama ukuta wa nyuma wavuja, kama kisima chatosha, au kama jiko lajaa moshi, aliyapata hayo kwa wanawake. Methali yasema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa muda mrefu wenye kufungua na kuingia walikuwa wanawake, na wanaume walibaki na maneno ya barazani: bei, hati na mashahidi.

Hapo ndipo chanzo cha mgawanyo wa leo. Ujuzi wa nyumba ulikuwa wa pande mbili, na kila upande ulikuwa na wenyewe. Kazi ya udalali ilipokuwa kazi ya kulipwa mijini, malipo makubwa yalifuata upande wa barazani.

JINSI MTEJA ACHAGUAVYO

Kazi ya dalali ina tabia moja iliyo mbaya kwa mnunuzi: uzuri wake haujulikani kabla ya kwisha. Mtu anunuaye kitambaa hukishika, na anunuaye samaki humtazama matamvua. Lakini atakaye dalali hawezi kujua kama mtu huyu atasema kweli juu ya mpaka wa kiwanja mpaka siku jirani atakapokuja na panga na maneno. Pasipo kipimo, mteja hushika alama: umri, mavazi, simu, pikipiki, ufasaha wa maneno. Na alama ionekanayo kwanza kuliko zote ni kama aliye mbele yake ni mwanamume au mwanamke.

Kutokana na alama hiyo mteja huzaa dhana zake. Juu ya mwanamke hudhani kuwa ni mwaminifu, hana hila nyingi, anajua jiko lifaalo na jirani mwema, na si hatari kufuatana naye hadi nyumba tupu. Papo hapo hudhani kuwa hawezi kushindania bei, hana watu katika maofisi, na hawezi kutembea maporini kutazama viwanja vya mbali. Juu ya mwanamume dhana ni kinyume chake: ni mjanja, basi aogopwe, ni mjanja, basi aajiriwe.

Dhana hizi hazina uzito sawa. Ile ya usalama ina msingi. Msichana afuatanaye na mtu asiyemjua kwenda kutazama chumba kitupu jioni ana haki ya kumtaka mwanamke mwenzake, na wazazi wake hawana kosa kumtakia hivyo. Hali kadhalika mwenye nyumba mwenye wake na mabinti uani hukubali kwa urahisi zaidi kumpa ufunguo dalali mwanamke. Hapa mteja anachagua kwa kutazama haja iliyopo.

Dhana ya uaminifu ni sifa, lakini ni sifa isiyochunguzwa. Tapeli mwanamke hufurahi sana kukutana na mteja aaminiye kuwa wanawake hawadanganyi.

Ama dhana ya kushindania bei, watu wa elimu wameichungua kwa kutazama wanunuzi na wauzaji wenyewe, wala si madalali. Utafiti mmoja wa Denmark, uliotolewa mwaka 2020, ulikuta kuwa kwa kutazama juu juu wanaume walionekana kupata bei nzuri kuliko wanawake. Lakini nyumba zilipolinganishwa kwa thamani yake kwa uangalifu zaidi, tofauti hiyo ilipungua sana. Mwingine wa Marekani, wa mwaka huo huo, uliona wanawake wasio na waume wakipata faida ndogo kuliko wanaume katika nyumba zao, lakini karibu nusu ya tofauti hiyo ilitokana na wakati na mahali pa kununua na kuuza. Kwa hiyo neno la mitaani, kwamba mwanamke hawezi maneno ya bei, lataka uangalifu. Na hata lingekuwa kweli kwa wengi kwa wastani, halimwelezi mtu mmoja aliye mbele ya mteja. Yeyote aliyepata kusimama Kariakoo akawasikiliza wanawake wakiuza na kununua atajiuliza dhana hiyo ilitoka wapi.

Dhana ya maofisi na ya viwanja vya mbali ni ya namna nyingine: yajizalisha. Dalali asiyepewa kazi ya kiwanja hana sababu ya kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wala kwa mpima ardhi, wala kwa msajili wa hati. Kwa kuwa haendi, hajulikani huko. Na kwa kuwa hajulikani, mteja husema: Je, hamkuambiwa? Hana watu.

HESABU YA UJIRA

Mgawanyo huu ungekuwa jambo dogo kama pande mbili zingelipwa sawa. Lakini katika Dar es Salaam desturi ya upangaji ni kwamba dalali hupata kodi ya mwezi mmoja, na katika mauzo hupata fungu la bei. Chukua mfano wa hesabu tu. Chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi humpa dalali shilingi 60,000. Kiwanja cha shilingi 30,000,000, dalali akipatana asilimia 5, humpa shilingi 1,500,000. Basi mwonyeshaji wa vyumba hana budi kupangisha vyumba 25 ili afikie ujira wa kiwanja kimoja. Kila chumba kina safari zake, na wateja watazamao vyumba sita wasichukue hata kimoja. Ndiyo maana madalali wengi hudai fedha kidogo ya kuonyesha kabla ya kutoka, na ndiyo maana dai hilo huleta ugomvi, hasa mteja anapodai aonyeshwe bure na yule aliyemwita dada.

Mwanamke apelekwaye kwenye vyumba peke yake hupata basi sifa za kuaminiwa na riziki ya kubangaiza. Hasukumwi na mtu yeyote mmoja. Wateja mia, kila mmoja kwa nia njema, huchagua vivyo hivyo, na jumla ya chaguo zao huwa ukuta.

KIJIWE

Mbali na wateja, habari zenyewe za nyumba zina njia yake. Dalali wa mtaani hafanyi kazi peke yake. Hukaa kijiweni, chini ya mti au kando ya duka, na wenzake. Mmoja ana nyumba na mwingine ana mteja, wakiunganisha hugawana ujira. Pengine mlolongo huwa wa watu watatu au wanne kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Kijiwe ni kama baraza la zamani: ni mahali pa wanaume, na mwanamke akaaye hapo mchana kutwa husemwa. Kwa hiyo dalali mwanamke hupata habari zake katika saluni, sokoni, katika vikundi vya kuweka na kukopa, katika misiba na harusi, na kwa wenye nyumba wanawake wamwaminio. Habari za namna hii mara nyingi huwa za kweli zaidi, maana zatoka uani, lakini huchelewa kufika katika mlolongo wa mauzo makubwa. Simu imepunguza pengo hilo, kwa kuwa picha ya nyumba hufika kwa wengi kwa dakika moja, aliye kijiweni na asiyekuwapo.

MFANO WA MAREKANI

Wako wasemao kuwa wanawake wakiwa wengi katika kazi hii mambo yatajirekebisha. Historia ya Marekani, ambako kazi hii ina vyama na kumbukumbu za zaidi ya miaka mia, yaonyesha kuwa wingi peke yake hautoshi.

Chama kikuu cha madalali wa nyumba na ardhi wa nchi hiyo kilianzishwa Chicago mwaka 1908, na kilikuwa chama cha wanaume karibu watupu. Vyama vingi vya miji havikuwapokea wanawake, nao mwaka 1938 wakapata baraza lao ndani ya chama hicho. Baadaye mambo yaligeuka. Kazi ililipwa kwa mauzo badala ya mshahara, saa zake ziliweza kupangwa, na waajiri wengi walisema kuwa mwanamke ndiye ajuaye nyumba ya kukaa watu. Kufika mwisho wa miaka ya 1970 wanawake walikuwa wamevuka nusu ya wanachama, na leo ni zaidi ya asilimia 60. Hata hivyo chama hakikupata rais mwanamke mpaka mwaka 1992. Na katika uuzaji wa majumba ya biashara, maofisi na maghala, ambako fedha ni nyingi zaidi, wanawake hawafikii nusu hata sasa.

Sifa ile ile iliyowafungulia mlango, kwamba wanajua makao ya watu, ndiyo iliyotumiwa kuwaonyesha mlango mwingine si wao. Mpwani aliyezoea daka na ndani hatashangaa.

HASARA YA MTEJA

Mteja aweza kusema kuwa fedha ni zake, na achague amtakaye. Ni kweli. Lakini achaguaye kwa dhana hulipa kwa dhana. Amwendeaye mwanamume kwa sababu ni mwanamume tu hununua ujanja asioweza kuupima, naye hajui ujanja huo watumika kwa faida ya nani. Mwamba ngoma huvutia kwake, na dalali apataye fungu la bei hana haraka ya kuishusha.

Liko jambo moja kubwa zaidi. Katika Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yampa mke haki sawa na mumewe ya kupata na kumiliki mali, tena yamzuia mmoja wao kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, yasema kuwa haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume. Basi nyumba iuzwayo na mume barazani, mke akiwa ndani hajaulizwa, ni nyumba yenye kesi. Mnunuzi ambaye dalali wake hakupata kuzungumza na mke huyo aweza kulipa fedha zote kisha akaitwa mahakamani. Sheria imeunganisha tena zile pande mbili za nyumba zilizotengwa na desturi. Dalali ajuaye upande mmoja tu, awe mwanamume au mwanamke, amekuwa nusu ya dalali.

Hapa ndipo mteja apatapo kipimo alichokikosa. Na amwulize dalali, kabla ya yote, maswali ambayo majibu yake yaweza kuhakikishwa: Mwenye mali ni nani, na jina gani limo katika hati? Je, ana mke au mume, na ameridhia? Majirani wa pande zote nne wasemaje juu ya mpaka? Umepata kuuza au kupangisha nyumba gani mtaani humu, na aliyeichukua aweza kuulizwa? Ujira wako ni kiasi gani, walipwa na nani, na utaandikwa wapi? Dalali hodari hujibu, na akisema sijui hurudi na jawabu. Kisha mteja aende mwenyewe kwa msajili wa hati na ofisi ya serikali ya mtaa, asitosheke na maneno ya yeyote.

Maswali hayo hayana jinsia. Mteja akiyauliza sawasawa atakuta mara nyingine jawabu bora liko kwa mwanamume na mara nyingine kwa mwanamke. Na bibi mmoja aliyeonyesha vyumba kwa miaka kumi aweza kuwa ndiye ajuaye viwanja vya mtaa wote pamoja na magomvi yake, ila hajapata kuulizwa. Neno dalali lilikuja pwani likiwa na maana ya mwonyesha njia. Mtu aliyepotea haulizi kama amwonyeshaye njia ni mume au mke; huuliza kama amepata kuipita.